Marehemu Dada Yangu Bado Anatoa Risiti

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usinilaani kabla hujafika mwisho, maana barua hii nimeianza mara nne na mara zote nimeichana, na safari hii naiandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za posta mchana huu huu ili nikimaliza niitumbukize kabla sijabadili nia.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, karani wa hesabu katika kiwanda cha magodoro. Kiwanda chenyewe si kikubwa, tuna mashine mbili za kukata sponji na wafanyakazi ishirini na ushee, na mwenye kiwanda tunamwita Bwana Taratibu kwa sababu hata moto ukiwaka yeye atasema taratibu jamani, taratibu, na ni mpole kweli, hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja, na labda hapo ndipo niliponaswa, maana mtu mkali unamkimbia lakini mpole unamfuata tu huku ukidhani mnatembea.

Dada yangu, tuliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyekuwa akitushonea makava ya magodoro, alikuwa na chumba chake cha kazi mtaa wa nyuma ya kiwanda na alikuwa amejiandikisha vizuri, ana namba ya mlipakodi na kitabu cha risiti, na alijivunia jambo hilo kuliko hata cherehani yake mpya, alikuwa akisema, "Mimi si mtu wa kujificha, serikali inanijua kwa jina." Miaka minne iliyopita tumbo likamshika asubuhi, tukamkimbiza hospitali, wakasema lazima apasuliwe lakini mashine ya usingizi ni mbovu, ina miezi saba haijatengenezwa, apelekwe hospitali kubwa, na gari la wagonjwa lipo ila halina mafuta, dereva akatuambia tuchangishane, nikakimbia kutafuta hela ya mafuta, niliporudi nikamkuta yuko getini kwenye kiti cha magurudumu na mtu ameshamfunika shuka mpaka usoni.

Aliacha binti wa miaka kumi na tatu. Baba wa mtoto hatujui aliko. Binti alikuwa bweni, alipofika tulikuwa tumeshazika, hakumwona mama yake hata mara ya mwisho, na hilo mshauri ulishike, maana ndilo linaloniua sasa. Nikamchukua, ananiita mama mdogo, tunaishi wawili.

Mwezi wa pili baada ya mazishi Bwana Taratibu akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia, "Mama, dada yako bado yupo kwenye mfumo."

Nikamwambia, "Bosi, dada amefariki, wewe mwenyewe ulikuja kuzika."

Akasema, "Mimi najua. Mfumo haujui. Taratibu tu, tusiusumbue."

Akanieleza. Kila mwezi kitabu cha dada kitoe risiti ya makava ambayo hayajashonwa, kiwanda kionekane kimemlipa, gharama ikipanda faida inashuka, faida ikishuka kodi inashuka, na hela iliyoandikwa kwamba kalipwa dada inarudi kwenye mkoba wake yeye. Nikasema hii si ni dhambi bosi, akacheka kwa upole, akasema, "Makampuni makubwa hayalipi kodi, mama, yanahamisha faida kwenda visiwani huko na hakuna anayeyagusa. Wakubwa wana mawakili wao, sisi tuna marehemu wetu." Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Akasema atanipa ahsante yangu kila mwezi, na kwa kweli ahsante hiyo ndiyo iliyolipa ada ya binti mpaka leo, sikununua hata kijiko, mshauri.

Nikaanza kutia sahihi ya dada. Ilikuwa rahisi, naijua tangu utotoni, inaanza kwa kitanzi na inaishia kwa vistari vitatu chini kama mshono. Mwanzoni nilikuwa naikopi polepole huku kitambulisho chake kipo mbele yangu, baada ya miezi sita sikuhitaji kuangalia, baada ya mwaka mkono ulikuwa unakwenda wenyewe wakati mimi nazungumza na watu. Mwaka jana nilikwenda benki kuchukua mshahara wangu, msichana wa dirishani akaitazama karatasi, akanitazama, akasema, "Mama, hii sahihi si yako." Nikaangalia, nikaona vile vistari vitatu. Nikaomba karatasi nyingine. Vikatoka tena. Ikabidi waniitie meneja.

Simu ya dada ikabidi isizimwe kwa sababu ofisi ya kodi hutuma ujumbe, nikaiweka kwenye droo yangu kazini, na inatetemeka humo katikati ya kazi, naifungua nakuta "Mpendwa mlipakodi, tunakushukuru kwa ushirikiano wako." Mama anayefagia aliniuliza ya nani hii inayolialia, nikamwambia ya dada yangu, akasema mwambie basi aje aichukue.

Kisha ofisi ya kodi wakataka kumkagua. Bwana Taratibu akasema mnafanana kama shilingi kwa ya pili, vaa nguo yake, kaa pale chumbani kwake, ni dakika kumi tu. Nikavaa gauni lake la kijani, nikafunga kilemba kama chake, nikaning'iniza futi ya kupimia shingoni, nikakaa kwenye cherehani yake ambayo tulikuwa hatujaiuza, na akaja mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akaishika picha ya kitambulisho akanilinganisha nayo.

Akasema, "Umepungua."

Nikasema, "Niliumwa."

"Pole sana. Tumbo?"

Sijui kwa nini alitaja tumbo. Nikasema ndiyo, tumbo.

"Na ulipona?"

Nikasema, "Nilipona."

Akauliza nina watoto wangapi, nikasema mmoja, wa kike, akaandika, akanipa mkono, akaondoka. Nikabaki nimekaa pale na machozi yakanitoka, na mshauri, nikwambie ukweli hayakuwa machozi ya hofu, ni kwamba kwa dakika zile kumi dada alikuwa amepona.

Tangu siku hiyo Bwana Taratibu akataka niwe nakwenda pale kila Jumanne ya kwanza ya mwezi saa sita mchana, nivae vilevile, nikanyage cherehani kidogo majirani wasikie kuna kazi. Nakanyaga bila uzi na bila kitambaa. Sindano inapanda na kushuka juu ya chuma kitupu. Fundi viatu anayekaa mlangoni ni mgeni mtaa ule, hakumjua dada, ananisalimia kwa jina la dada nami naitikia.

Sasa sikia. Binti ana miaka kumi na saba, amefaulu vizuri, akaomba ule msaada wa masomo wa yatima, na mwezi uliopita akarudi mchana na karatasi mkononi, amesimama mlangoni haingii, akasema, "Mama mdogo, wamenikataa. Wanasema mama yuko hai."

Nikasema wamekosea.

Akasema, "Wameangalia kwenye kompyuta mbele yangu. Ana biashara. Analeta hesabu kila mwezi. Walimkagua, wakamwona kwa macho, na akasema ana mtoto mmoja wa kike. Wamenipa na mahali anapofanyia kazi."

Nilitakiwa niseme pale pale. Sikusema. Nikasema majina hufanana, nikaenda jikoni.

Akaenda kule bila kuniambia. Fundi viatu akamwambia ndiyo, yule mama fundi yupo, huja Jumanne. Na Jumanne iliyofuata mimi nikatoka mle chumbani, nimevaa gauni la kijani, nikafunga mlango, nikaanza kutembea, nikasikia nyuma yangu, "Mama!"

Haikuwa mama mdogo. Ilikuwa mama.

Shingo ilianza kugeuka yenyewe, nikaizuia, nikaongeza mwendo, nikasikia viatu vyake vinakimbia, "Mama! Mama, ni mimi!" na watu wanatazama, nikakata kona ya duka la vioo, nikajiona kwenye vioo vyote vile namna ninavyokimbia, na kwenye vioo vile alikuwa dada, mshauri, hakuwa mimi, nikaingia uani kwa mtu nikavua gauni nikalikunja kwenye mfuko.

Nilipofika nyumbani alikuwa amekaa sakafuni. Akasema, "Nimemwona. Anatembea vilevile. Nimemwita hakugeuka. Mama mdogo, nilimkosea nini?"

Tangu hapo hasemi tena marehemu. Anapika vikombe vitatu vya chai. Juzi tulikuwa tunaanika nguo, akaniuliza taratibu kama mtu anayeuliza saa ngapi, "Kule makaburini, mlimzika nani?"

Na wiki hii ofisi ya kodi wamemwita dada akaweke alama za vidole, kila mfanyabiashara sasa lazima vidole vyake viingie kwenye mfumo, siku yake ni Jumatatu ijayo. Bwana Taratibu ananiambia niende nikaweke vya kwangu kwa jina lake, mara moja tu, mambo yatanyooka. Nikikataa nakosa kazi na huenda nikafungwa, na binti atabaki na nani? Nikikubali, naona kama Jumatatu ndiyo siku nitakayozikwa mimi na atakayetoka mle ndani ni dada. Nikimwambia binti ukweli namwua mama yake mara ya pili kwa mkono wangu. Nifanye nini? Nilitaka kuandika jina langu hapa chini, nimejaribu mara tatu, yote yametoka ya dada, nimeyakata.

*Ni mimi, karani wa magodoro*

---

MSHAURI ANAJIBU

Barua hii ilinifikia Alhamisi asubuhi. Ziko barua zinazongoja foleni, hii haikuwa mojawapo. Mwandishi alikuwa ameandika namba ya simu nyuma ya bahasha, nikampigia kabla chai yangu haijapoa. Nilichomwambia ndicho hiki, na ameniruhusu nikichape.

Mdogo wangu, pole. Nimesema pole, na sasa kaa vizuri.

Usiende kuweka kidole. Hilo la kwanza, na halina mjadala. Sahihi unaweza kusema ulilazimishwa, gauni unaweza kulivua uani kwa watu. Kidole ukishakitoa kwa jina la maiti, utabaki ukilitumikia jina hilo mpaka uzikwe nalo, na yule mpole wako hatakuwepo siku hiyo. Nikuulize: katika karatasi zote hizo za miaka minne, sahihi yake yeye iko wapi? Tafuta. Hutaiona. Mtu mpole sana huyo, hata kalamu hashiki.

Unanieleza kuhusu wakubwa wanaohamishia faida visiwani. Najua habari zao, nimewapigia kelele humu mpaka mhariri akiniona anajifanya anaongea na simu. Sheria inayompa tajiri mwanya ni sheria mbovu na inapaswa kubadilishwa, tuwabane wabunge wetu wakati wanapotaka kura. Lakini bosi wako hakutumia mwanya wowote. Alibuni makava ambayo hayakushonwa, na mshonaji yuko chini ya udongo. Huo ni wizi, na karani unalijua neno hilo vizuri, ndiyo maana hukuliandika hata mara moja katika kurasa zako zote.

Na kuna mahali umepita haraka sana. Mashine ya usingizi, miezi saba. Gari lisilo na mafuta. Umeandika kama vile ni mvua iliyonyesha, kama vile hakuna mtu anayehusika. Mafuta ya gari lile yanatoka wapi, mdogo wangu? Yanatoka kwenye kodi: kwa mwenye kiwanda cha magodoro, kwa muuza vioo, kwa fundi cherehani mwenye kitabu chake cha risiti. Sisemi wewe ndiye uliyemwua dada yako, wakati ule ulikuwa hujaanza. Nasema tangu umeanza, kuna mtu mwingine ambaye dada yake yuko kwenye kiti cha magurudumu, anakimbia kutafuta hela ya mafuta, na jina lililoandikwa kwenye pengo lile la kodi ni la dada yako. Yeye aliyesema si mtu wa kujificha. Umemficha humo.

Nimekukaripia, sasa tufanye kazi.

Binti kwanza. Kabla ya wakili, kabla ya ofisi, leo akirudi nyumbani. Usimpelekee habari kwa mafumbo wala kwa kuanza na "wewe bado mtoto". Mwonyeshe gauni. Mwambie, "Uliyemwona ni mimi. Mama yako alikufa, na angekuwa hai asingekupita barabarani." Unasema utamwua mama yake mara ya pili. Si kweli. Sasa hivi mtoto yule ana mama aliye hai asiyemtaka, na hakuna yatima duniani mwenye hali mbaya kuliko hiyo. Mrudishie marehemu wake aliyempenda. Atalia, atakuchukia, vumilia. Hasira yake ni haki yake, usiombe apunguze.

Kesho Ijumaa, uende kwenye msaada wa kisheria, wale wasiotoza hela. Toa nakala za kila risiti, andika kila tarehe unayoikumbuka, chukua na ile simu ya kwenye droo. Ahsante zote ulizopokea uziandike, hata zile za ada, usijisafishe. Jumatatu nenda ofisi ya kodi siku ile ile waliyomwita dada yako, pamoja na wakili wako, ukiwa umevaa nguo zako mwenyewe, na ubebe cheti cha kifo. Anayekwenda mwenyewe hupokelewa tofauti na anayeletwa. Sikuahidi kwamba hutashitakiwa. Anayekuahidi hivyo anakudanganya, na wewe umeshadanganywa vya kutosha.

Hayo ndiyo niliyomwambia. Sasa ni wiki ya sita.

Alimwambia binti siku ile ile. Binti hakulia. Alilichukua gauni, akalifua, akalipiga pasi, akalivaa, akakaa nalo kitandani siku mbili bila kugusa chakula. Siku ya tatu akatoka akamwambia mama yake mdogo, "Nipeleke mlikomzika." Wakaenda. Alichosema huko karani hakuniandikia, nami sikukiuliza.

Ofisi ya kodi, karani na wakili wake walimkuta yule yule mkaguzi wa miwani. Karani aliweka cheti cha kifo mezani, mkaguzi akakisoma mpaka sehemu ya chanzo cha kifo, akavua miwani. Akasema alipofika pale chumbani siku ile, aliona cherehani haina uzi. Aliliandika kwenye ripoti yake. Ripoti ikakaa miezi kumi kwenye meza ya mtu mwingine. Huyo mtu mwingine naye anatafutwa sasa.

Bwana Taratibu amesema hajui lolote, ni karani aliyemwibia. Alisema kwa upole sana, naambiwa. Lakini wakaguzi wamekuta marehemu wengine watano kwenye vitabu vyake: dereva, fundi umeme, mlinzi, na wawili waliokuwa wakikata sponji. Nimezungumza na jamaa wa wanne kati yao, na wote walikuwa hawajui kwamba wapendwa wao bado wapo kazini. Mjane wa yule mlinzi amekuwa akikatwa kwenye malipo yake ya uzeeni mwaka wa pili sasa, na kila akiuliza anaambiwa mumeo ana kipato.

Karani amepoteza kazi. Kesi yake ipo, wakili anasema huenda akatozwa faini na kifungo cha nje kwa kuwa alijisalimisha, lakini bado haijaamuliwa. Binti amepata msaada wake wa masomo. Wanaishi nyumba moja na wanasalimiana, basi. Mwandishi ananiuliza itachukua muda gani mpaka mtoto amtazame usoni. Sijui, mdogo wangu. Miaka minne uliitumia kuvuruga, usitarajie wiki sita zitengeneze.

Na wewe unayesoma, uliyezika mtu aliyekuwa na kazi, duka, au hata kijiwe tu chenye kibali: usidhani cheti cha kifo ni karatasi ya kuweka chini ya godoro. Mchukue ndugu mmoja muende pamoja, ofisi ya kodi, benki, kampuni ya simu, kote alikoandikwa, mkalifunge jina lake. Wakikwambia njoo kesho, nenda kesho. Wakikwambia mfumo uko chini, kaa kwenye benchi mpaka uinuke. Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi.